Anasema jiko lililipuka, suruali inanuka petroli

Shikamoo Dada Mshauri,

Mimi ni muuguzi wa kitengo cha dharura. Naomba jina langu lisitajwe, utajua kwa nini.

Usiku mmoja tuliletewa mwanaume wa makamo aliyeungua. Aliyemleta alimshusha mlangoni akaondoka bila kuacha hata jina. Mgonjwa uso mzima ulikuwa umeungua, nyusi na kope hana, nywele za mbele zimejikunja na kunata. Migongo ya mikono yote miwili imejaa malengelenge lakini viganja ni vizima kabisa. Miguu nayo imeungua kuanzia juu ya viatu hadi karibu na magoti. Tulipomuuliza akasema alikuwa anawasha jiko la gesi, likalipuka. Sawa, hayo hutokea. Ila nilipokuwa naikata suruali ili tumhudumie, harufu ya petroli ilinijia puani waziwazi. Nikamtazama daktari wa zamu, naye akanitazama, kila mmoja akaendelea na kazi yake.

Baadaye daktari alimuuliza tena ili aandike kwenye faili, na safari hii mgonjwa akasema alikuwa anamimina mafuta kwenye jenereta. Asubuhi tukasikia kwamba usiku uleule ghala moja liliteketea. Kama mambo haya mawili yanahusiana au la, mimi sijui. Lakini chumba cha chai kesi ilishakwisha na hukumu ilishatoka. Kuna mwenzetu alishampiga picha kwa simu yake, eti ushahidi.

Nilipouliza kama kuna mahali tunatakiwa kutoa taarifa, mkuu wa zamu alisema siri ya mgonjwa ni siri, na tukianza kuwapigia simu wachunguzi wa moto hakuna aliyeungua atakayekuja kutibiwa tena. Daktari alisema sheria ipo, ila hakumbuki inasemaje. Muuguzi mmoja wa siku nyingi akaniambia nisijitafutie balaa, mtu wa namna ile ana watu wake.

Mgonjwa mwenyewe, nilipokuwa nambadilishia bandeji, aliniambia, "Sista, haya mambo yaishie hapahapa." Sikumjibu. Bado amelazwa. Suruali yake iko kwenye mfuko wa plastiki, stoo ya mali za wagonjwa.

Dada, natakiwa kuripoti? Kwa nani? Na kama ni ajali ya kweli, si nitakuwa nimemharibia maisha mtu asiye na kosa? Jambo lingine: kuna alama za kuungua ambazo ukiziona unajua kabisa hii si ajali? Tunapokea watoto wengi walioungua kwa maji ya moto, na mara nyingi nabaki na maswali. Mwisho, nikiripoti, nimwambie mgonjwa au ninyamaze?

Wako,
Sista wa zamu ya usiku

*

Marahaba mdogo wangu.

Hakuna aliyekuuliza kama yule bwana alichoma ghala. Siku ukiulizwa, jibu lako ni fupi: sijui. Unachokijua ni nyusi zilizoungua, viganja vizima, harufu kwenye suruali na maelezo mawili yasiyolingana. Hivyo vinne ndivyo vya kuripoti, na ukivitoa bila kuvitia chumvi hujamshtaki mtu. Naona barua yako yote, na mabishano yote ya chumba cha chai, yanachanganya kazi mbili. Moja ni ya aliyeona jeraha, nyingine ni ya anayetafuta chanzo cha moto. Ya kwanza ni yako. Ya pili ina watu wake waliosomea.

Turudi kwa mgonjwa, maana hapo ndipo utaona kwa nini ulikuwa sahihi kusita kumhukumu na pia sahihi kutotulia.

Mwako wa ghafla wa mvuke wa mafuta au wa gesi unaacha sura yake mwilini. Hudumu kitambo kidogo sana, hivyo huunguza ngozi iliyo wazi na kuiacha iliyofunikwa na nguo. Huchoma nyusi, kope na vinyweleo vya mikono. Mtu hukunja ngumi au huinua mikono kuukinga uso, ndiyo maana migongo ya mikono huungua na viganja vikapona. Mchunguze vizuri kwenye pembe za macho: aliyefumba macho kwa nguvu mwako ulipomjia huwa na mistari myembamba ya ngozi nzima, pale ngozi ilipojikunja ikajificha. Mistari hiyo inasema kwamba alikuwa macho, uso wake ukielekea moto. Kwa mchunguzi hilo ni jambo kubwa, na baada ya siku chache za uvimbe na kuosha vidonda, halionekani tena.

Miguu je? Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, tena kwa mara 3 hadi 4, kwa hiyo hutambaa sakafuni. Petroli hutoa mvuke unaoweza kushika moto hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, sembuse kwenye chumba cha kawaida. Anayemwaga petroli ndani ya chumba kisha akachelewa kidogo kuwasha anakuwa amesimama ndani ya mvuke hadi magotini bila kujua. Akiwasha, moto unaanzia miguuni kwake. Watu wengi waliokwenda kuchoma mali ya wenzao wameishia wodini kwa njia hiyo.

Sasa usikimbilie simu bado. Gesi ya kupikia ya mitungi nayo ni nzito kuliko hewa. Ikivuja usiku hutulia chini, na mtu asiye na hatia yoyote anayeamka kuwasha jiko ataungua uso, migongo ya mikono na miguu kama huyo wako. Gesi asilia ya mabomba ndiyo hupanda juu. Anayemimina petroli kwenye jenereta yenye moto naye ataungua vilevile, na suruali yake itanuka petroli kwa sababu isiyo na ubaya wowote. Hata kubadilisha maelezo si kukiri kosa. Mtu mwenye maumivu makali, aliyechomwa dawa ya kutuliza, aliyevuta moshi wenye kaboni monoksidi, huchanganya mambo. Wengine hudanganya kuficha jambo lisilohusu ghala hata kidogo, kama vile jenereta ya kuazima.

Jeraha linaweza kukuambia kwamba kulikuwa na mvuke uliowaka ghafla na mtu alikuwa karibu. Nia ya mtu haimo humo. Atakayejua ni yule atakayekwenda kuliona hilo jiko: je, lipo? Mpira wa gesi umepasuka? Jenereta ina alama za moto? Mtu huyo ukimnyima taarifa, unakuwa umemnyima pia nafasi ya kumsafisha mgonjwa wako. Kama jiko kweli lililipuka, yuko mtu mwingine mwenye jiko la aina hiyohiyo ambaye bado halijamlipukia. Wachunguzi wa moto hawashughuliki na wachomaji tu. Hushughulika na vifaa vibovu, betri zinazolipuka zikichajiwa, na wagonjwa wanaovuta sigara wakiwa wamevaa mipira ya oksijeni. Wasipoambiwa na hospitali, wengi wa hao hawawajui, kwa sababu moto mdogo unaomuunguza mtu mmoja mara nyingi huzimwa na wenye nyumba na zimamoto haiitwi.

Tuje kwenye sheria. Daktari wenu ana haki ya kusahau, lakini hana haki ya kuishia hapo. Sheria hizi zinatofautiana sana kutoka mahali hadi mahali, kwa hiyo sitakuambia ya kwenu inasemaje. Nitakuonyesha zilivyo mahali kwingine ili ujue unatafuta nini. Katika jimbo la Massachusetts, Marekani, daktari anayemtibu mtu aliyeungua asilimia 5 au zaidi ya mwili lazima atoe taarifa mara moja kwa ofisi ya mkuu wa zimamoto wa jimbo na kwa polisi wa mahali mtu alikoungulia. Hangoji kushuku. Jimbo la New York nalo linataka taarifa kwa kuungua kwa daraja la pili au la tatu kunakofika asilimia 5, kwa njia ya juu ya hewa iliyoungua kutokana na kuvuta hewa ya moto, na kwa kuungua kokote kunakoweza kuleta kifo. Simu hupigwa papo hapo, maandishi hufuata ndani ya saa 72.

Angalia walichofanya hapo, maana mimi nakipenda sana: wamemwondolea muuguzi mzigo wa kushuku. Kinachohesabiwa ni asilimia. Huna haja ya kuamua nani ana uso wa mhalifu, na tajiri haachwi kwa sababu amevaa vizuri. Kama hospitali yenu haina utaratibu, hili ndilo la kupigania kwenye kikao: kiwango kimoja kwa kila mgonjwa.

Na asilimia unazijua kuzipima. Kiganja cha mgonjwa mwenyewe pamoja na vidole vilivyobanwa ni karibu asilimia 1 ya ngozi yake. Kwa mtu mzima kichwa chote ni asilimia 9, kila mkono 9, kila mguu 18, kifua na tumbo 18, mgongo 18. Kwa mtoto mchanga kichwa hufika 18 na miguu hupungua, kwa hiyo usitumie hesabu ya mkubwa kwa mdogo. Ngozi iliyokuwa nyekundu tu bila malengelenge haihesabiwi. Mgonjwa wako, kwa uso ulioungua wote na miguu hadi karibu na magoti, kama ni malengelenge na siyo wekundu, amepita 5 kwa mbali.

Mahali ambapo sheria ya namna hiyo haipo, mambo ni magumu zaidi, na hapo mkuu wako wa zamu ana hoja. Siri ya mgonjwa si mapambo. Mtu akiogopa kwamba hospitali ni tawi la polisi, atabaki nyumbani na kidonda kioze. Lakini hakuna mahali ninapopajua ambapo siri hiyo haina mpaka. Uingereza, kwa mfano, baraza linalosimamia madaktari linakubali taarifa itolewe bila ridhaa ya mgonjwa pale ambapo kunyamaza kunaweza kuwaweka wengine kwenye hatari ya kifo au madhara makubwa. Hata sheria ya Marekani ya faragha ya wagonjwa, ambayo watu wengi huitaja wakitaka kukataa kila kitu, inaruhusu wazi taarifa za majeraha ambazo sheria nyingine inazidai. Kwa hiyo mkuu wako akisema siri ni siri, mwulize kwa adabu: na utaratibu wetu wa maandishi unasemaje pale ambapo kuna watu wengine hatarini? Swali hilo lifike kwa mwanasheria wa hospitali au yeyote anayeshika nafasi hiyo, leo, na jibu lirudi kwa maandishi. Usipige simu peke yako kwa siri kama kuna mlango wa kupitia. Ila kama sheria ya kwenu inakutaja wewe binafsi kuwa mwenye wajibu wa kuripoti, kukataliwa na mkuu wa zamu hakukuondolei wajibu huo. Panda ngazi hadi upate wa kukusikia.

Kuna swali moja ambalo halingoji mwanasheria wala asubuhi, nalo linapaswa kuulizwa kila aliyeungua dakika ile anapoweza kusema: "Moto bado unawaka? Kuna mtu mwingine amebaki ndani?" Kama jibu ni ndiyo au hajui, zimamoto wapigiwe hapohapo. Hilo ni kuokoa maisha, na sijawahi kusikia mwenye akili timamu akilipinga kwa hoja ya siri.

Bila shaka yote haya huja baada ya tiba. Sauti ikikwaruza, masizi yakiwa puani au kooni, uvimbe ukianza, njia ya hewa ndiyo kazi ya kwanza na suruali ingoje. Ila suruali hiyo ingoje vizuri, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu stoo ya mali za wagonjwa ndiko ushahidi mwingi unakofia.

Sote tumefundishwa kwamba nguo zenye damu huwekwa kwenye mfuko wa karatasi zipumue, zisioze. Kwa nguo zinazoshukiwa kuwa na petroli, karatasi ni kosa. Mvuke unatoka wote, na maabara inapofungua inakuta suruali kavu isiyo na habari. Plastiki ya kawaida nayo hupitisha mvuke wa petroli polepole, na yenyewe inaweza kuingiza kemikali zake. Kinachotakiwa ni chombo kisichopitisha hewa: kopo jipya la bati lenye mfuniko wa kubana, kama yale ya rangi lakini halijawahi kutumika, chupa ya kioo yenye kifuniko cha kukaza, au mifuko maalumu ya ushahidi wa moto kama hospitali inayo. Kila nguo na chombo chake. Suruali isiwekwe pamoja na shati, kwa sababu kama petroli ilikuwa kwenye pindo la suruali tu, ukizichanganya hakuna atakayejua tena. Na nguo ikikatwa, mkasi upite mbali na matundu na kingo zilizoungua.

Kwa hii iliyopo sasa, usiufungue huo mfuko kunusa tena. Usiihamishie popote. Uweke mfuko wote kama ulivyo ndani ya kopo la bati, funga, bandika karatasi, andika namba ya mgonjwa, tarehe na saa, nani aliivua, nani aliipokea, ilikaa wapi hadi sasa. Andika pia kwamba mwanzo iliwekwa kwenye plastiki. Usilifiche hilo. Kila anayelishika kopo baada yako atie sahihi na saa. Huo ndio mnyororo wa utunzaji wa kielelezo, na mawakili huanza kazi pale unapokatika. Na kumbuka suruali ni mali ya mgonjwa. Kumkabidhi mchunguzi au kumnyima ndugu anayeifuata ni uamuzi wa mkuu na mwanasheria, kwa utaratibu wa sheria. Ndugu akija kuichukua kabla jibu halijatoka, mwelekeze kwa mkuu wa zamu, usibishane naye dirishani.

Faili nalo lina namna yake. Andika alichosema kwa maneno yake na saa aliyosema: "Mgonjwa anasema alikuwa anawasha jiko la gesi." Kisha baadaye: "Mgonjwa anasema alikuwa anamimina mafuta kwenye jenereta." Yaache yote mawili hapo, usilifute la kwanza wala usiweke alama ya mshangao. Andika "harufu inayofanana na petroli kwenye suruali, miguu yote miwili". Usiandike "mgonjwa alikuwa na petroli", maana pua yako si maabara. Chora mwili na uweke kivuli palipoungua, mbele na nyuma, na ukumbuke kuonyesha palipopona, kwa maana viganja vile vizima vina habari sawa na migongo iliyoungua. Picha zipigwe kwa kamera ya hospitali na kwa utaratibu wa ridhaa wa hospitali, kukiwa na rula kando ya jeraha, kabla na baada ya kusafisha. Mambo ya ghala yasiingie kwenye faili hata kidogo. Lisemwalo lipo, wanasema, lakini kwenye faili la mgonjwa lisemwalo chumba cha chai halipo.

Na huyo mwenzenu mwenye picha kwenye simu yake, ambaye ninyi nyote mmemwacha? Huo si ushahidi. Ni picha ya mgonjwa mahututi kwenye simu ya mtu binafsi, na kabla ya wiki kuisha itakuwa kwenye makundi ya WhatsApp. Hilo ndilo kosa la kuvunja siri lililotokea hapo kazini kwenu, siyo simu unayofikiria kuipiga. Mkuu wa zamu anayejali siri aanzie hapo.

Umeuliza kama kuna alama ambayo ukiiona umemaliza. Kwa mtu mzima, nimeshakuonyesha kwamba hakuna. Kwa watoto na maji ya moto zipo zinazokaribia, nazo unapaswa kuzijua kama unavyojua dozi. Mtoto aliyejivutia sufuria kutoka juu huungua usoni, begani, kifuani, na jeraha hupungua upana na kina kadiri maji yalivyoshuka yakipoa, kukiwa na matone ya pembeni. Mtoto aliyetumbukizwa huwa na mstari ulionyooka, miguu yote miwili kwa urefu mmoja kama soksi, hakuna matone, na mikunjo ya ngozi nyuma ya magoti ikiwa mizima kwa sababu alikunja miguu. Wakati mwingine makalio hupona katikati pale yalipobanwa kwenye sakafu ya beseni iliyokuwa na ubaridi. Mtoto aliyeingia mwenyewe kwenye maji ya moto haachi mstari kama huo. Anaruka, anapiga maji, anajimwagia ovyo. Joto nalo lina hesabu: maji ya nyuzi 60 humuunguza mtu mzima kwa kina ndani ya takriban sekunde 5, na mtoto kwa muda mfupi zaidi. Ya nyuzi 49 huchukua dakika. Mzazi akikuambia maji yalikuwa vuguvugu na mtoto alikaa humo kidogo tu, hesabu hazikubali, na hilo unaliandika.

Lakini hata hapo, nenda polepole. Vidonda vya mviringo vinavyofanana na alama za sigara huweza kuwa maambukizi ya ngozi ya bakteria. Kuna ugonjwa wa bakteria unaomenya ngozi ya watoto hadi ukadhani wamemwagiwa maji ya moto. Mtu mwenye kifafa anaweza kuangukia jiko na kuungua kwa kina kinachotisha kwa sababu hakujitoa. Kwa hiyo daktari amwone kwanza. Kisha, kama shaka inabaki, taarifa ya mtoto haiendi kwa wachunguzi wa moto peke yao. Inakwenda kwa wanaolinda watoto, ustawi wa jamii na polisi, na kwa mtoto mahali pengi sheria haikupi hiari. Hapo ukishuku kwa sababu unayoweza kuieleza, inatosha. Mwanamke mtu mzima aliyeunguzwa na mwenzi wake ni habari nyingine. Kuripoti bila kumshirikisha kunaweza kumrudisha kwenye hatari kubwa zaidi, basi zungumza naye faraghani kwanza, bila aliyemsindikiza, na utaratibu wa sheria ya kwenu uuelewe kabla ya siku hiyo kufika.

Taarifa yenyewe iwe fupi. Jina na umri kama sheria inataka, saa aliyofika, mahali anaposema aliungulia, sehemu za mwili na asilimia, maelezo yake, na kwamba nguo zimehifadhiwa. Historia ya magonjwa yake mengine haihusiki na moto, isiende. Wachunguzi wakija, wasiingizwe wodini kwa sababu tu wana kitambulisho. Daktari ndiye anayesema kama mgonjwa ana akili ya kujibu maswali kwa wakati huo, na mtu aliyetoka kuchomwa dawa kali ya maumivu hana. Wakitaka faili zima au damu, waelekezwe ofisini wakalete amri inayotakiwa. Kutoa taarifa hakujakufanya kuwa mtumishi wao.

Hofu ya yule muuguzi wa siku nyingi siidharau. Ndiyo maana nimesisitiza taarifa ipite kwa mkuu, kwenye fomu ya hospitali, na namba ya simu ya kurudia iwe ya ofisi. Sheria nyingi za aina hii humlinda anayeripoti kwa nia njema hata ikigundulika baadaye kwamba ilikuwa ajali. Ukiitafuta ya kwenu, soma hadi kifungu hicho. Akitokea mtu wa kukutisha, hilo nalo liripotiwe siku hiyohiyo, wala usilibebe peke yako.

Na mgonjwa? Kwa kawaida aambiwe, isipokuwa kama kumwambia kunaweza kumdhuru mtu, kuvuruga uchunguzi kwa namna mliyoelekezwa, au kumfanya akimbie kabla hajapona. Asiambiwe na wewe peke yako usiku, daktari awepo. Aliposema mambo yaishie hapo ulinyamaza, na ni bora kuliko kumwahidi. Akirudia, mwambie hivi, kwa sauti ya kawaida: "Kaka, hospitali ina taratibu za kutoa taarifa za watu walioungua namna hii. Mimi siwezi kukuahidi kinyume chake. Matibabu yako hayatabadilika kwa lolote." Usimuulize zaidi kuhusu moto kuliko tiba inavyohitaji. Akianza kukueleza mwenyewe, msikilize, kisha uandike maneno yake. Akitaka kujua ni nani aliyepiga simu, jibu la kweli, kama mmefuata njia niliyokueleza, ni kwamba taarifa imetolewa na hospitali.